Jinsi Bado Lilivyokuwa Jina la Mtu

Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye kiu akanywe arudi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Zamani Kifo alikuwa na adabu. Msicheke. Alikuwa na adabu kuwashinda wengi mlioketi hapa. Hakuwa akinyemelea watu vitandani, wala kuwavizia njiani, wala kumkamata mtu tonge likiwa mdomoni. Alikuja mchana kweupe, kwa njia kuu, amevaa shuka safi, fimbo mkononi, akasimama mlangoni na kubisha: "Hodi, hodi wenyewe!" Akishakaribishwa alipewa kigoda na kata ya maji. Alikunywa, akashukuru, akauliza habari za mvua na za mashamba. Kisha alisimama, akalitaja jina la mtu aliyemfuata, mara moja tu, kwa sauti ya upole. Aliyeitwa aliitika, "Naam," kama ni mwanamume, au "Abee," kama ni mwanamke, akainuka na kumfuata. Kilichobaki nyumbani kilikuwa kiwiliwili cha kuzikwa.

Mtauliza, kwa nini watu waliitika? Si wangenyamaza tu? Hayo ndiyo maswali ya watoto wa siku hizi, wanaoitwa na mama zao mpaka sauti zinakauka na wao wamekaa tu. Siku zile sheria ya kwanza aliyofunzwa mtoto, kabla hata ya kunawa mikono, ilikuwa hii: usikatae wito. Hapo ndipo sheria ilipoishia, haikuwa na nusu ya pili. Aliyeitwa akanyamaza alikuwa ameutukana ukoo wake mzima. Mzee mmoja alijaribu. Alimwona Kifo akipanda kilima, akajijaza ugali mdomoni ili ashindwe kuitika. Alipoitwa, ugali ulitoka wenyewe na "Naam" ikafuata nyuma yake. Malezi hayazuiliki kwa tonge.

Na majina Kifo aliyapata wapi? Watu walimpa wenyewe. Mtoto alipozaliwa, shangazi yake alisimama juu ya kizingiti cha mlango akalipaza jina mara tatu, vilima vikasikia. Kifo naye, popote alipokuwa, alilisikia akalitia moyoni, na hakuwahi kusahau hata moja. Kuacha kumtangaza mtoto hakukuwezekana, kwa sababu mtoto asiyetangazwa alikuwa hakui. Kitovu hakikudondoka, jino halikuota, nywele hazikurefuka. Inasimuliwa kwamba mwanamke fulani alimficha mwanawe asitangazwe. Mwanamke yule alizeeka, meno yakamtoka, na mtoto yumo kifuani ananyonya.

Ulimwengu ulikuwa hivyo, na watu waliuzoea, mpaka akatokea mwanamke mmoja aliyeitwa Mbodze.

Mbodze alikuwa mfinyanzi wa Magaeni, kijiji kilichojaa vigae vya vyungu hata kuku wake walijifunza kutembea kwa kurukaruka. Wafinyanzi walikuwa wengi pale, lakini vyungu vya Mbodze vilitafutwa na watu wa mbali. Hakuwa na dawa wala uganga, ila hakukubali kuharakishwa. Udongo aliuacha ulale mpaka ulainike. Chungu alikikausha kivulini mpaka kigeuke rangi, na akishakiweka motoni, hakuna aliyethubutu kumwambia akitoe. Mteja alikuja, "Mama, chungu changu tayari?" Mbodze alikigonga kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio mlio wake, kisha akajibu neno moja: "Bado." Angekuja mke wa mkuu wa kijiji, angekuja mwenye harusi ya kesho, jibu lilikuwa hilohilo. Watu walifura kwa hasira, wakaondoka, wakarudi, maana chungu cha Mbodze hakikupasuka.

Kwa watoto, Mbodze hakuwa na bahati. Alizaa mvulana, Kifo akaja. Akazaa msichana, Kifo akaja tena. Wote wawili walichukuliwa mara tu walipojua kuitika, kwa kuwa ndivyo Kifo alivyowafanyia watoto: aliwangoja wafundwe adabu, kisha akawaita. Yule msichana aliitwa akiwa mapajani mwa mama yake. Aliitika "Abee!" kwa furaha kubwa, kwa sababu lilikuwa neno jipya kwake na alipenda kulitumia, akashuka na kukimbilia mlangoni akicheka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mbodze aliendelea kuisikia ile "Abee" asubuhi na jioni, hata alipokuwa peke yake na udongo wake.

Mumewe, Tsuma, mkata kuni, alikuwa mtu mpole asiye na makuu. Lakini Tsuma alikuwa na dada mkubwa, na dada huyo aliitwa Kwekwe. Ni jina la magugu, na kama magugu, hakuna aliyemweza. Ulimi wake ulikata kuliko panga la ndugu yake. Tena ndiye aliyekuwa shangazi wa ukoo, mwenye haki ya kusimama kizingitini na kutangaza majina.

Sasa, desturi ya Magaeni ilitaka mwanamke aitwe kwa jina la mwanawe, Mama Fulani. Mbodze hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Siku moja wanawake walikuwa machimboni wakichimba udongo, mmoja mgeni akauliza, "Huyu dada tumwite mama nani?" Watu wakainamisha vichwa kwa kuona haya. Kwekwe hakuona haya. Aliangua kicheko.

"Mwite Mama Bado! Ukimwuliza chungu, bado. Ukimwuliza mtoto, bado. Kama huyu si Mama Bado, ni nani?"

Wakacheka, hata wale waliokuwa wakimhurumia. Jina likamganda Mbodze kama udongo wa masika kisiginoni. Aliinua kapu lake akaondoka. Alilia njia nzima, akafika nyumbani akalia tena. Lakini mikono ya mfinyanzi haijui kukaa bure hata macho yakilia, basi akaumwagia maji udongo ule na kuanza kuukanda. Katika kukanda, wazo likamjia, na machozi yakakatika palepale. Mama Fulani ni mama wa Fulani. Kama yeye ni Mama Bado, basi Bado yuko mahali, ila hajazaliwa. Akalitamka jina lile taratibu. Kisha akamkumbuka Kifo, mgeni yule anayesimama mlangoni na kuita kwa upole, akalitamka tena, safari hii kwa sauti ya mgeni.

Mikono yake ikasimama juu ya udongo.

Hakumwambia mtu, hata Tsuma. Kifo alikuwa na masikio mapana, na neno likishatoka kinywani lingemfikia. Alilifungia moyoni akaendelea na kazi.

Ikawa Mbodze amepata mimba tena, akajifungua msichana. Kwekwe alifika mapema siku ya kutangaza, amejifunga nguo mpya, na watu wa ukoo nyuma yake, wenye njaa ya karamu.

"Nimeshamchagulia," alisema. "Ni Kadzo, jina la marehemu mama. Nileteeni mtoto nisimame kizingitini."

"Bado, wifi," alisema Mbodze.

"Bado nini?"

"Bado."

Kwekwe alidhani ni uchovu wa uzazi, akarudi kwake. Akaja tena mwezi ulipoandama. "Bado." Akaja mavuno yalipoanza. "Bado." Pombe iliyotengwa kwa karamu ikachacha, ikamwagwa, ikapikwa nyingine, ikachacha nayo. Mtoto akabaki vilevile, mwepesi kama kifaranga, na kitovu chake kinaning'inia. Tsuma, ambaye hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, alipiga magoti mbele yake. "Mke wangu, mtoto hakui. Nakuomba, apewe jina lolote." Mbodze alimtazama mwanawe, na roho ikamuuma kweli. Alitamani kusema ndiyo, amwone mtoto akikua angalau kwa kitambo. Lakini "Abee" ya yule mwingine ilikuwa imemjaa masikioni. Akasema, "Bado, baba. Nivumilie."

Kuna mmoja hapa anajiuliza kwa nini hakumwomba tu wifi yake atangaze jina alilolitaka. Wewe humjui Kwekwe. Mbodze angesema jua linachoma, Kwekwe angesema ni baridi. Angekataa papo hapo, kisha angedai sababu, na sababu ingezunguka kijiji chote kabla jua halijatua. Kwa hiyo Mbodze alingoja, kama alivyozoea kuungoja moto, na kila alipojibu "Bado" alikuwa anatia ukuni mmoja.

Siku ikafika Kwekwe akasema yatosha. Alikuja na ukoo mzima, akaapa kwamba hatoki pale bila jina. Akasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, miguu yote miwili juu ya kizingiti, akamzibia mtu yeyote njia. Mbodze alikuwa ndani amempakata mtoto, mkono mmoja unafinyanga. Aliitazama ile miguu kizingitini, akaendelea kufinyanga.

"Wifi, kwa mara ya mwisho," alisema Kwekwe. "Jina la mtoto."

"Bado."

Nje, mzee mmoja wa ukoo, mzito wa kusikia, akauliza kwa sauti kubwa, "Shangazi, jina limepatikana?"

Kwekwe akawageukia watu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Bado!" alifoka.

"Eeh?" alisema mzee, ameweka kiganja sikioni.

"Bado! Wazee wengine mna nini masikioni? Bado!"

Vilima vikaupokea ukelele wake, vikaurudisha mara tatu. Bado, bado, bado. Ndani mtoto akapiga chafya kubwa kuliko mwili wake, na kitovu kikadondoka juu ya mkeka. Mbodze akapiga kigelegele, peke yake.

Kwekwe akatazama chini, akaiona miguu yake ilipo, akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu! Nimefanya nini?"

"Umetangaza, wifi," alisema Mbodze. "Ahsante."

Kwekwe aliona amepigwa kijembe kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvipiga yeye, akanuna. Alinuna kwa muda mrefu. Lakini mtoto alikua kwa haraka kama aliyekuwa anadai siku zake, akawa mnene, mcheshi, mwenye pengo la kupendeza, na kila alipomwona shangazi yake alimrukia shingoni. Hata magugu hulainika mvua ikizidi. Punde Kwekwe akawa hawezi kukaa bila kumbeba Bado mgongoni, na ole wake mtu mwingine aliyelicheka jina lile mbele yake.

Ukaja wakati wa kumfunza mtoto kuitika. Tsuma akamsihi mkewe. "Huyu usimfunze. Asiyejua kuitika Kifo hamwiti."

"Nitamfunza," alisema Mbodze. "Sitalea mtoto mtovu wa adabu kwa kumwogopa mgeni." Akawa anamwita asubuhi na jioni, na mtoto anaitika, "Abee, mama!" kwa sauti ileile ya nduguye aliyetangulia. Wazo lake alikuwa hajalijaribu, na jambo la namna hiyo halijaribiwi kabla ya siku yake. Chungu ukikitilia shaka unaweza kukivunja ukafinyanga kingine. Mtoto hufanyi hivyo.

Basi kiangazi kimoja, adhuhuri, Mbodze alikuwa uani anachoma vyungu. Tsuma anasogeza kuni, Kwekwe ameketi penye kivuli cha paa anapepeta mtama, Bado anapanga vigae vyake vya kuchezea. Wakasikia sauti mlangoni.

"Hodi, hodi wenyewe!"

Ungo ukamtoka Kwekwe mikononi, mtama wote chini. Tsuma alisimama kama mti, ukuni mkononi. Mbodze ndiye aliyejibu. "Karibu, mgeni." Akajifuta mikono, akaweka kigoda, akachota maji mtungini kwa kata na kumpa. Kifo akanywa.

"Maji yako baridi, mama," alisema. "Mtungi huu kaufinyanga nani?"

"Mimi."

"Kazi nzuri. Mvua je?"

"Tunaingoja."

Kifo akarudisha kata, akashukuru, akasimama, akajinyoosha shuka yake. Mbodze naye akasimama, uso kwa uso naye. Alimtazama mdomo, kama anavyoutazama moto unapokaribia kushika. Mdomo ulipoanza kufunguka, akauliza kwa sauti kubwa, hata majirani wasikie:

"Mgeni, saa ya mwanangu imefika?"

"Bado," alisema Kifo.

"Abee!" aliitika mtoto, akaacha vigae vyake na kuinuka.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Mbodze. "Umeitika, adabu imetimia. Mgeni anasema bado."

Kifo alishangaa. Hakuwahi kukatizwa. "Mimi nimemwita mtoto."

"Na mimi nimekuuliza saa, ukanijibu. Wote hapa wamesikia. Au neno lako huwa linarudi nyuma?"

Neno la Kifo halirudi nyuma, na yeye mwenyewe alijua kuliko mtu yeyote. Angekuwa na neno la kurudi, wangapi wasingerudi? Akafikiri labda hakuita vizuri. Akajikohoza, akaita tena: "Bado!"

"Si ndivyo ninavyosema na mimi?" alijibu Mbodze.

"Bado! Bado!"

"Tumesikia, baba!" alipaza sauti Kwekwe, ambaye sasa ndipo jambo lilipomwingia akilini, akaanza kupiga makofi na kucheka huku machozi yanamtoka. "Mgeni kasema bado mara nne! Sasa wewe unataka tukusaidie kusema nini?"

Bado, mtoto, alikuwa ameitika kila mara bila kuchoka, "Abee, abee," na hakwenda popote. Mbodze akamchukua, akamweka kiunoni.

"Tulifunzwa tusikatae wito," alimwambia Kifo. "Hatujaukataa. Tunakataa neno."

Ndiyo nusu ya pili ya sheria hiyo, mnayoisema kila siku bila kujua ilikotoka. Usikatae wito, kataa neno. Aliyeimalizia ni yule mama, uani kwake, masizi usoni na mtoto kiunoni.

Kifo akachukua fimbo yake, akaondoka. Alikuwa hajawahi kushuka kilima kile mikono mitupu.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Na wao walifanya hivyohivyo. Habari zilikimbia, na kabla ya masika kila mtoto aliyezaliwa katika vilima vile alitangazwa Bado. Mashangazi walikaukwa na makoo. Waliokwisha kuwa na majina wakatangazwa upya. Wazee wenye mvi walibebwa mpaka vizingitini wakatangazwa kama vichanga, na yule mzee mzito wa kusikia akawa wa kwanza. Kukawa na Bado wa Kisimani, Bado Mwenye Pengo, Bado Mrefu, Bado Mkwe wa Bado. Mwanamke akimwita mwanawe ale, shamba zima liliinua vichwa. Bwana harusi mmoja aliambiwa ataje jina la mchumba wake, akasema "Bado," na wazee wakamrudisha kwao akatafute mchumba kwanza. Ni Kwekwe peke yake aliyekataa kutangazwa upya. "Mimi na magugu yangu tunatosha," alisema.

Kifo alikuja nyumba hii, akaja ile, akabisha, akanywa maji, akaita, na kila mahali watu walimjibu kwa vicheko. Watoto walimfuata njiani wakimwigiza. Adabu ni kitu cha kurudishiana, na Kifo aliona yake haina wa kumrudishia. Siku moja aliivua shuka yake safi, akaitundika mtini, akaiacha fimbo, akaiacha njia kuu. Tangu hapo hakutaja tena jina la mtu.

Wa kwanza kuchukuliwa hivyo alikuwa Kwekwe. Alikuwa machimboni, kapu kichwani, anamsimanga mtu, na wenzake wanacheka wakingoja amalizie. Hakumalizia. Hapakuwa na hodi, hapakuwa na kata ya maji. Mbodze alimlilia Kwekwe kuliko alivyodhani angemlilia, na Bado hakula.

Baada ya Kwekwe wakafuata wengine, huyu usingizini, yule shambani, na majina yao ya Bado yalikuwa hayawasaidii kitu. Hofu ikaingia. Watu wakaanza kuwatangaza watoto wao upya majina ya zamani, wakilitupa Bado kama chungu kilichovuja. Kisha wakapanda kwa Mbodze, wazee mbele, nyuso zimekunjamana.

"Umemharibu Kifo," walimwambia. "Zamani alibisha hodi, mtu akapata kuagana na watu wake. Leo anaingia kama mwizi. Mtoto huyu atangazwe Kadzo, jina hili lifutike, tukamwombe Kifo msamaha arudie ustaarabu wake."

Mbodze alikuwa ameshika chungu kipya. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bado," alisema.

"Bado chungu, au bado unakataa?"

"Vyote." Akakiweka chini, akasimama. "Nisikilizeni. Mnautamani ule ustaarabu? Mwanangu alishuka mapajani mwangu akamkimbilia Kifo akicheka, kwa miguu yake, kwa sababu mimi nilimfunza kuitika. Hiyo ndiyo mnayoitaka irudi? Mimi siitaki. Alikuwa anasimama mlangoni, na sisi tunajipeleka. Sasa akimtaka mtu amtafute mwenyewe, ambebe mwenyewe. Kwekwe amechukuliwa na maneno mdomoni, na najua angependa hivyo kuliko kusema abee. Jina la mwanangu halifutiki. Kama yeye ameacha kulitaja, nitalitaja mimi."

Wazee wakaondoka wakinung'unika. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya kilima, na watoto walikuwa wangali wakicheza mbali, penye nyasi ndefu. Mbodze akapanda juu ya kizingiti, pale pale aliposimama Kwekwe, akaweka mikono mdomoni, akamwita binti yake kwa nguvu zake zote.

"Bado! Bado! Bado!"

Kifo alikuwa ndani ya zile nyasi, amechutama, karibu sana na mtoto. Akalisikia neno likija kutoka juu, likarudi kutoka kwenye vilima. Akasimama kidogo. Hakujua kama anaitwa mtoto au anaambiwa yeye. Mtoto akasema, "Abee, mama!" akampita mbio mpaka nyumbani. Kifo akashika njia nyingine.

Mbodze alimwita vile kila jioni, mvua ikinyesha, akiwa mgonjwa, hata Bado alipokuwa mwanamke mzima mwenye nyumba yake ng'ambo ya bonde. Watu walimcheka, kisha wakaacha kumcheka. Na Kifo alipomchukua Mbodze mwenyewe, mzee sana, mkono ndani ya udongo, Bado alikimaliza chungu kile alichokiacha mama yake. Jioni hiyo alipanda kizingitini akamwita binti yake mwenyewe. Alikuwa amemtangaza jina gani, sina haja ya kuwaambia.

Na tangu siku hiyo Kifo habishi hodi, wala haulizi habari za mvua. Tangu siku hiyo pia jina hili limekuwa adimu. Nenda kijiji hiki na kile, humkuti mwenye nalo, na ukilitaja watu hukuuliza, "Bado nini?" Kliniki muuguzi akimwuliza mama jina la mtoto, mama akajibu, "Bado," huambiwa, "Basi likipatikana urudi." Huku Magaeni hatulitoi ovyo. Hupewa mtoto aliyetanguliwa na waliochukuliwa, na mama yake sharti awe mtu wa kupaza sauti, kwa maana jina hili lisipoitwa ni neno kama maneno mengine.

Kwa hiyo ukipita vilima hivi jua likizama, ukasikia mwanamke amesimama mlangoni anaita bado, bado, usidhani amechelewa na kazi. Anamwita mwanawe nyumbani, na kuna mwingine gizani anayeambiwa.